Vitamini za maji au vidonge: zipi mwili unazipokea vizuri zaidi?

SWALI

Mfamasia, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 52. Kwa muda mrefu nimekuwa nikimeza kidonge kimoja cha multivitamini kila asubuhi baada ya kula. Hivi karibuni muuzaji wa vitamini za maji amenieleza kwamba mwili unafyonza asilimia 98 ya vitamini zikiwa za maji, lakini zikiwa kwenye kidonge unapata asilimia 10 hadi 20 tu, nyingine zote unazitupa chooni. Akaniambia niangalie mkojo wangu: ule unjano mkali ninaouona nikimeza kidonge ndizo vitamini zenyewe zinapotea. Na kweli mkojo wangu unakuwa wa njano. Chupa yake ni ghali mara kadhaa kuliko vidonge vyangu. Mama yangu, mwenye miaka 79, ambaye ninaishi naye, siku hizi analalamika kwamba vidonge vinamkwama kooni. Je, tuhamie sote wawili kwenye za maji?

JIBU

Dada yangu, nianze na huo mkojo, maana hapo muuzaji amekupa ushahidi unaomsuta mwenyewe.

Unjano ule unaong'aa ni riboflavini, yaani vitamini B2, ambayo rangi yake ya asili ndiyo hiyo. Sasa jiulize imefikaje kwenye mkojo. Mkojo hautoki tumboni; unatengenezwa na figo zinapochuja damu. Ili riboflavini ionekane pale, kidonge ni lazima kiwe kimemeguka, B2 ikayeyuka, ikapenya ukuta wa utumbo mwembamba, ikaingia kwenye damu, ikazunguka mwilini, ndipo figo zikaitoa ile iliyozidi. Kisichofyonzwa hakina njia ya kufika kwenye figo. Hicho hutoka na haja kubwa, wala hakiachi rangi yoyote kwenye mkojo. Kwa hiyo ulichokuwa unakiona siku zote ni uthibitisho kwamba kidonge chako kinayeyuka na kufyonzwa, na kwamba B2 iliyomo ni nyingi kuliko mahitaji yako ya siku. Ukinywa ya maji yenye B2 kiasi kilekile, utaona rangi ileile.

Tuje kwenye hizo asilimia. Namba hizi mbili, 98 dhidi ya 10 hadi 20, zimezunguka kwenye matangazo ya vitamini za maji kwa miaka mingi, na kasoro yake inaonekana hata kabla hujauliza zilitoka wapi: hakuna namba moja inayoweza kueleza ufyonzwaji wa vitamini zote na madini yote kwa pamoja. Kila kirutubisho kina mlango wake kwenye ukuta wa utumbo, na kila mlango una upana wake.

Chukua vitamini C. Mtu akipata miligramu 30 hadi 180 kwa siku, mwili hufyonza kati ya asilimia 70 na 90. Akipanda hadi zaidi ya gramu moja, kiwango kinashuka chini ya asilimia 50. Vitamini hii huvushwa na protini maalumu zilizo kwenye ukuta wa utumbo; protini zikishajaa, inayobaki inapitiliza. Hapo haijalishi kama iliyeyushwa kiwandani au iliyeyukia tumboni mwako, kwa sababu inapofika mlangoni tayari imeyeyuka vyovyote vile.

B12 ndiyo inayonifurahisha zaidi katika hoja hii. Tumbo hutoa protini inayoishika B12 na kuisindikiza hadi sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na njia hiyo inapitisha mikrogramu 2 hivi tu kwa mlo au kwa dozi moja. Zaidi ya hapo, kinachopita ni kile kinachojipenyeza chenyewe bila msaada, kama asilimia moja ya kilichobaki. Ndiyo maana mtu akimeza kidonge cha mikrogramu 500, kinachoingia kwenye damu ni asilimia 2 hivi. Ukitaka kumtetea muuzaji, unaweza kusema kwamba asilimia 98 ya kidonge hicho inapotea. Ila ingepotea vilevile ikiwa kwenye chupa. Na hiyo mikrogramu 10 hivi iliyobaki bado ni mara kadhaa ya mahitaji ya mtu mzima, ambayo ni mikrogramu 2.4 kwa siku. Hata wale wanaouza B12 ya kuweka chini ya ulimi kwa maelezo kwamba inaingia moja kwa moja kwenye damu hawana la kujivunia: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mikrogramu 500 za chini ya ulimi na mikrogramu 500 za kumeza kwa watu wenye upungufu, na makundi yote mawili yakarudi kwenye kiwango cha kawaida.

Asidi ya foliki inaivunja kabisa hiyo hadithi ya asilimia 10. Ikimezwa tumbo likiwa tupu hufyonzwa karibu yote, na ikimezwa pamoja na chakula ni asilimia 85 hivi. Nayo madini ya chuma yanakwenda kinyume: mwili wenyewe ndio unaoamua. Ini hutoa homoni inayoitwa hepsidini. Akiba ya chuma ikiwa imejaa, hepsidini inapanda na mlango unafungwa. Akiba ikipungua, mlango unafunguka. Watu wawili wakinywa dawa ileile kutoka chupa ileile, mwenye upungufu atafyonza mara kadhaa kuliko mwenye akiba ya kutosha.

Sasa nimpe muuzaji haki yake. Kuna hatua moja ambayo dawa ya maji inairuka kweli: kumeguka kwa kidonge. Hatua hiyo huchukua muda gani? Vitabu vya viwango vya dawa vinaweka kikomo. Kile cha Ulaya, kwa mfano, kinataka kidonge cha kawaida kimeguke ndani ya dakika 15, na chenye utando mwembamba ndani ya dakika 30. Kipimo chenyewe ukikiona ni kitu cha kawaida sana: vidonge sita vinawekwa kwenye mirija sita iliyo wazi juu na yenye wavu chini, mirija inazamishwa kwenye maji yenye joto la mwili, nyuzi 37, na mashine inaipandisha na kuishusha mara 30 hivi kwa dakika. Mpimaji anasimama na saa. Muda ukiisha, juu ya wavu kusibaki kitu kigumu, labda vipande vya utando tu.

Basi dawa ya maji inakuokolea dakika 15, pengine 30. Lakini chakula kinakaa kwenye utumbo mwembamba saa tatu, nne. Nafasi ya kufyonza ipo tele. Kwa dawa ya maumivu, dakika 15 ni kitu. Mwenye jino linalouma atakuambia. Kwa vitamini, ambazo kazi yake inapimwa kwa wiki na miezi, na ambazo nyingine kama B12 mwili unaweza kuziweka kwenye ini kwa miaka, dakika hizo hazikuongezei chochote.

Je, vidonge vibovu vipo? Vipo. Kidonge kilichoshindiliwa kupita kiasi, au kilichokaa mahali penye joto na unyevu hadi kikawa kigumu kama kokoto, kinaweza kupita bila kumeguka vizuri. Nchi nyingi haziwabani watengenezaji wa virutubisho kama zinavyowabana wa dawa. Marekani, kwa mfano, chini ya sheria ya mwaka 1994, kirutubisho hakihitaji kibali cha serikali kabla ya kuingia sokoni. Ndiyo maana alama ya taasisi huru inayopima bidhaa ina thamani. Alama ya USP, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya dawa, ikiwa kwenye kirutubisho, kwa mfano, inamaanisha pia kwamba kidonge kimepimwa kama kinameguka na kuachia kilichomo. Wako watu wanaozamisha kidonge kwenye siki kwa nusu saa ili waone. Si dhambi kujaribu, lakini usihukumu kwa hilo peke yake, maana viko vidonge vilivyotengenezwa makusudi visiyeyuke tumboni, na vingine viachie dawa polepole kwa saa nyingi. Hivi vya pili wakati mwingine huacha ganda tupu linaloonekana kwenye haja kubwa, mtu akaapa kwamba kidonge kimetoka kizima. Dawa ilishatoka zamani. Lililobaki ni kasha.

Kama unataka kujua kinachobadilisha ufyonzwaji kweli, angalia aina ya kemikali na wakati unaoimeza. Kalsiamu kaboneti inahitaji asidi ya tumbo, kwa hiyo imezwe pamoja na chakula. Kalsiamu sitrati haihitaji asidi hiyo, na ndiyo inayomfaa anayetumia dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli. Zote mbili hufyonzwa vizuri zaidi zikigawanywa, miligramu 500 au pungufu kwa mara moja. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo zimezwe na mlo wenye mafuta kidogo. Anayekunywa vitamini D ya maji asubuhi na mapema tumbo likiwa tupu, kwa imani kwamba maji yanatosha, anajipunja. Madini ya chuma yanapingana na chai, kahawa, maziwa na kalsiamu, na yanasaidiwa na vitamini C. Mambo haya yana uzito kuliko umbo la bidhaa, lakini hayauzi chupa.

Nije upande ambao muuzaji hakukugusia. Dawa ya maji ina udhaifu wake, na mwingi unatokana na maji yenyewe.

Vitamini nyingi hudumu zikiwa kavu. Zikiingia kwenye maji zinaanza kuharibika. Vitamini C huungana na oksijeni na kupoteza nguvu; joto na hewa vinaharakisha. Ikichanganywa na B12 kwenye maji yaleyale, hasa pakiwa na madini ya shaba, inaweza kuiharibu B12 pia. Riboflavini, vitamini A na asidi ya foliki haziupendi mwanga, ndiyo maana chupa nzuri huwa ya rangi ya kahawia. Watengenezaji wanajua hili, kwa hiyo huweka kiasi cha ziada mwanzoni ili hadi tarehe ya mwisho wa matumizi kibaki kile kilichoandikwa kwenye lebo. Maana yake ni kwamba kipimo unachokunywa chupa ikiwa mpya na kile unachokunywa ikikaribia kwisha si lazima vilingane. Lebo ikisema chupa iwekwe kwenye friji ikishafunguliwa, au itumike ndani ya wiki kadhaa, usione ni maneno ya kujaza nafasi. Kidonge kwenye kopo lililofungwa vizuri, mbali na mvuke wa jikoni na bafuni, hakina masharti mengi hivyo.

Halafu kuna kipimo. Kidonge kina kiasi kilekile leo na kesho. Dawa ya maji inategemea mkono na kijiko. Kijiko cha chai kinachokusudiwa kwenye lebo ni mililita 5. Watafiti wa Ugiriki waliopima vijiko vya chai vya majumbani, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walikuta vinabeba kuanzia mililita 2.5 hadi 7.3. Yaani nyumba mbili zinafuata maelekezo yaleyale kwa uaminifu, na moja inapata karibu mara tatu ya nyingine. Tumia kikombe kidogo au bomba la kupimia linalokuja na chupa. Kama halikuja, omba sirinji isiyo na sindano kwenye duka la dawa. Na tikisa chupa. Madini kama kalsiamu na magnesiamu mara nyingi hayayeyuki, yanaelea tu na kutua chini, kwa hiyo asiyetikisa anakunywa maji matamu mwanzoni na uji mzito wa madini mwishoni.

Hili la kipimo ni zito zaidi kwa watoto wachanga, nalisema kwa faida ya wasomaji wenye watoto ingawa wewe hukuuliza. Vitamini D ya matone inauzwa kwa nguvu zinazotofautiana sana. Kwenye chupa moja, yuniti 400, ambazo ndizo zinazopendekezwa kwa mtoto kwa siku, ziko kwenye mililita nzima. Kwenye nyingine ziko kwenye tone moja. Mzazi aliyezoea ya kwanza akinunua ya pili na kujaza kifaa kama alivyozoea, anampa mtoto mara nyingi ya kipimo. Mwezi Juni 2010 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili, kwa sababu baadhi ya vifaa vya kudondoshea vilivyouzwa na chupa hizo vilibeba zaidi ya yuniti 400. Soma lebo kila unaponunua chupa mpya, hata kama ni ya kampuni ileile.

Ili maji hayo yanyweke na yasiote ukungu, huwekwa sukari au viongeza utamu, ladha na vihifadhi. Mwenye kisukari asome kiasi cha sukari. Sobitoli, inayotumika sana kwenye dawa za maji zisizo na sukari, ikizidi inaleta gesi na kuharisha. Dawa ya maji ya madini ya chuma hutia meno weusi. Inywewe kwa mrija na mdomo usuuzwe baadaye. Na hivi vidonge vya kuyeyusha kwenye glasi vikitoa povu, ambavyo wengi huviona kama njia ya kati, kidonge kimoja kinaweza kuwa na mamia ya miligramu za sodiamu, jambo ambalo mwenye shinikizo la damu anapaswa kulijua kabla hajavizoea kila siku.

Kuna hatari nyingine ambayo ni nadra lakini ni mbaya sana. Dawa za maji mara nyingi hutengenezwa kwa gliserini au propilini glaikoli, na vimiminika hivi vimewahi kuchanganywa na sumu inayofanana navyo, diethilini glaikoli, inayoua figo. Mwaka 1937 dawa moja ya maji iliyoyeyushwa kwa kemikali hiyo iliua watu zaidi ya 100 Marekani, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikatunga sheria mpya ya dawa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji za kikohozi na mafua za watoto zilizokutwa na sumu hiyohiyo. Zile zilikuwa dawa za kikohozi, si vitamini, na sikuambii haya ili uogope kila chupa. Nataka tu ujue kwa nini dawa ya maji isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala usajili, inayouzwa mkononi, ni ya kukataa hata ukipewa bure.

Pamoja na hayo yote, siwezi kukuambia vitamini za maji hazina kazi. Mtoto mdogo asiyeweza kumeza kidonge, mgonjwa anayelishwa kwa mpira wa puani, aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo na yuko kwenye wiki za mwanzo, mtu anayehitaji kipimo kidogo ambacho hakuna kidonge chake: hao wote ya maji ndiyo yao. Kinachoamua pale ni koo na kipimo. Ugonjwa wa kufyonza hautibiwi kwa kubadili umbo. Mwenye utumbo ulioharibika, au aliyekosa ile protini ya kubeba B12, akipewa chupa badala ya kidonge tatizo lake linabaki palepale. Anahitaji dozi kubwa zaidi, au sindano, na daktari anayemfuatilia.

Kwa upande wako, basi, usihame. Ila kwa kuwa umeuliza, nikuombe uchukue hilo kopo la vidonge ulisome nyuma. Una miaka 52. Kama hedhi imekwisha, mahitaji yako ya chuma yameshuka kutoka miligramu 18 hadi 8 kwa siku, na isipokuwa vipimo vimeonyesha upungufu, multivitamini isiyo na chuma inakufaa zaidi. Angalia vitamini A iliyoandikwa kama retinoli. Kikomo cha mtu mzima ni mikrogramu 3,000 kwa siku kutoka vyanzo vyote, na kuzidisha kwa muda mrefu kunaumiza ini na mifupa. Kama unavuta sigara, epuka dozi kubwa ya beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A: majaribio mawili makubwa ya miaka ya 1990, moja la Finland na jingine la Marekani, yalikuta saratani ya mapafu ikiongezeka kwa wavutaji waliopewa, badala ya kupungua. Kilicho na maana zaidi kwa umri wako ni B12. Kuanzia miaka 50 kwenda juu watu wengi tumbo lao hupungukiwa asidi, wakashindwa kuitoa B12 iliyoshikana na nyama au mayai, wakati ile ya kidonge wanaifyonza bila shida kwa sababu haijashikana na kitu. Ukitumia metformini, dawa ya kisukari, au dawa za kupunguza asidi kwa miaka, sababu inaongezeka.

Na kama hakuna sababu maalumu? Jopo la Marekani linalopima ushahidi wa kinga ya magonjwa lilisema mwaka 2022 kwamba ushahidi hautoshi kuonyesha kama multivitamini inamkinga mtu mzima mwenye afya dhidi ya saratani au magonjwa ya moyo. Mimi huwa sibishani na anayemeza kidonge kimoja cha bei nafuu kila siku kwa amani ya moyo wake. Nabishana na anayepunguza matumizi ya chakula kizuri ili anunue chupa.

Jambo dogo kabla ya kuja kwa mama: ukitumia dawa ya tezi ya shingo, yaani levothiroksini, iachanishe na chochote chenye chuma au kalsiamu kwa saa nne, kiwe cha maji au kidonge. Ukitumia warfarini, yaani dawa ya kuzuia damu kuganda, multivitamini yenye vitamini K usiianze wala usiiache bila kumwambia daktari wako.

Kuhusu mama, hapo sina mzaha. Wewe umeniuliza kama ahamie vitamini za maji. Mimi nauliza kwa nini vidonge vinamkwama. Mtu wa miaka 79 aliyekuwa akimeza vizuri na sasa hamezi vizuri anahitaji kuonwa na daktari kabla hatujafikiria vitamini. Inawezekana ni kinywa kikavu tu kutokana na dawa nyingine. Inawezekana ni umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, uliochubuka au kubana, au kiharusi kidogo kilichopita bila kutambuliwa, au jambo zito zaidi. Mchunguze: je, ni vidonge tu au hata chakula kigumu? Amepungua uzito? Anakohoa akinywa maji, au sauti yake inakuwa kama ina maji baada ya kunywa? Hiyo ya mwisho ni muhimu sana, kwa sababu mtu ambaye misuli yake ya kumeza imelegea mara nyingi hupata shida zaidi na vimiminika vyepesi kuliko na vitu vizito. Maji hukimbia haraka kooni kabla njia ya hewa haijafungwa, yakaingia mapafuni na kuleta nimonia. Mama wa namna hiyo ukimpa vitamini za maji kwa nia njema, unaweza kumdhuru kuliko kidonge kilivyokuwa kinamsumbua.

Ikithibitika kwamba koo ni zima na tatizo ni ukubwa wa kidonge tu, kuna mbinu ambazo hata wewe zitakufaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, walizijaribu kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na kukuta zinawasaidia watu wengi. Kapsuli huelea juu ya maji, kwa hiyo ile tabia ya kurudisha kichwa nyuma inaisukuma mbele, mbali na koo. Weka kapsuli ulimini, piga funda la maji, inamisha kichwa kidevu kielekee kifuani, kisha meza. Kwa kidonge, kiweke ulimini, funga midomo kwa kubana kwenye mdomo wa chupa laini ya plastiki yenye maji, fyonza maji huku chupa ikibonyea, na umeze kwa mfululizo. Mwenye shida halisi ya kumeza asijaribu hizi. Wala usimsagie vidonge vyake kabla ya kuuliza, maana ukisaga kile cha kuachia dawa polepole, unamwagia dozi ya siku nzima kwa mara moja.

Siku ya kumpeleka, kusanya dawa zake zote, za hospitali na za kujinunulia, uende nazo kwenye mfuko mmoja daktari azione. Hadi hapo asimeze kidonge akiwa amelala. Akae wima, anywe na maji ya kutosha, kama maji yenyewe hayamkohozi, na abaki wima nusu saa. Na kama miongoni mwa dawa hizo iko ya kuimarisha mifupa, alendronati au ndugu zake, ambayo ikikwama inachoma umio, usimpe dozi inayofuata kabla hujazungumza na aliyemwandikia.